Kitambaa cha Baba kwenye Kona ya Uwanja

Mtihani wangu wa kwanza wa kuingia shirika kubwa la ndege niliufeli kwa sababu ya mbuzi. Na mbuzi wenyewe hawakuwepo. Nikisimulia hivyo watu wanacheka, nami siku hizi nacheka nao, lakini siku ile sikucheka hata kidogo. Nilirudi Musoma nimenuna, mtu akiniambia pole namjibu vibaya. Naomba nieleze taratibu, maana kisa hiki hakieleweki mpaka umjue baba yangu, na baba haeleweki mpaka uujue uwanja wa ndege wa Musoma ulivyokuwaga.

Kwetu ni Mwisenge, na uwanja uko mjini humo humo, nyumba za watu pembeni. Nilipokuwa mtoto haukuwa na lami wala uzio. Ilikuwa changarawe tu, na pande zote mbili nyasi nzuri, na mbuzi wa mtaa mzima walijua nyasi tamu ziko wapi. Watu nao walikatiza. Mwanamke akitoka ziwani na beseni la dagaa kichwani anakatiza, wanafunzi wanakatiza, kwaya ya kanisa ikichelewa mazoezi nayo inakatiza na madaftari yao ya nyimbo. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kuufagia uwanja, na ufagio wake ulikuwa filimbi. Mtu huyo alikuwa baba.

Kwenye karatasi aliandikwa kibarua. Lakini Mwisenge nzima walimjua kwa baiskeli yake na ile filimbi ya refa aliyoivaa shingoni hata kanisani. Ndege ikija ilipita kwanza chini chini juu ya uwanja bila kutua, inanguruma, kuwashtua wanyama. Hapo baba anarukia baiskeli, anapuliza filimbi, na anawatukana mbuzi mmoja mmoja kwa jina la mwenye mbuzi. "We wa fundi cherehani, toka! Na wewe wa muuza mafuta, mkaidi kama mwenyewe!" Wenye mbuzi walikuwa wanasikia, na ugomvi wa wiki nzima ulianzia hapo. Akishamaliza, anasimama kwenye kona ya uwanja upande wa barabara, anatoa kitambaa cheupe mfukoni na kukipunga. Maana yake: uwanja mweupe, shuka. Rubani akikiona anazungukia ziwani, anarudi, anatua. Asipokiona anapita tena juu. Ndivyo kazi ilivyofanyika, na hakuna aliyeona ajabu.

Kitambaa chenyewe kilikatwa kwenye shuka la harusi yao. Mama hakuwahi kumsamehe. "Wenzangu mashuka yao ya harusi yako kabatini," alikuwa akisema, "langu linapungia ndege." Baba alikuwa anajibu kwamba shuka lenyewe lilikuwa na tundu tangu dukani.

Watu wanapenda kuniuliza kama niliipenda anga tangu utotoni. Aka! Mimi nilikasirika tu. Marubani wa enzi hizo walikuwa wakishuka na miwani yao myeusi, wanampita baba pale pale aliposimama na jasho lake, hata habari za asubuhi hakuna. Siku moja mbuzi mmoja alikataa kutoka, ndege ikapita juu mara tatu, na rubani aliposhuka akamfokea baba mbele ya abiria. Baba akasema, "Samahani mkubwa." Mkubwa! Kijana mwenyewe hata ndevu hazijajaa. Mimi nilikuwa darasa la tano, nimesimama na mkoba wangu wa shule. Nikaapa kwamba iko siku nitaendesha ndege mimi, nitatua hapo hapo, na nikishuka mtu wa kwanza kumsalimia atakuwa baba.

Hasira peke yake haimpeleki mtu shule ya urubani. Baba alikuwa na ng'ombe wa urithi kwao Butiama, na alipotaka kuwauza, mdogo wake alikuja juu. "Kaka, tangu lini binti akatoa ng'ombe zizini? Binti analetaga ng'ombe!" Baba akamjibu, "Huyu ataleta ndege." Ukoo ulimcheka, na hata leo nikienda Butiama kwenye msiba lazima atokee mtu aniulize hiyo ndege nimeifunga zizi gani. Baba aliniitaga mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Siku ng'ombe walipoondoka alinishika bega akasema, "Mama, usiwasikilize hawa. Wewe soma." Nikasoma.

Ila leseni siyo kazi. Hilo hawakuambii mapema. Ukitoka shule una saa mia mbili hivi za kuruka, na mashirika makubwa hata barua yako hayajibu. Yanataka rubani aliyeiva, mwenye saa elfu moja na mia tano kwenda juu. Saa huzipati bila kazi, na kazi huipati bila saa. Wengi tuliosoma nao waliishia hapo. Mmoja sasa anauza simu, na anaziuza vizuri. Mimi Mungu alinisaidia nikapata nafasi kwenye kampuni ndogo ya Mwanza, ndege ya injini moja na viti kumi na viwili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuiosha. Niliiosha miezi mitatu kabla ya kukalishwa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi.

Lakini jamani, kazi ile niliipenda. Kwenye kampuni ndogo rubani ndiye kuli, ndiye karani, ndiye wa kufunga mikanda ya wazee. Unapakia mizigo mwenyewe, na kabla ya kupakia unampima kila mtu kwenye mizani pamoja na mzigo wake. Kapteni aliyenilea, Mwislamu mmoja wa Bunda mjini, mtoto wa wafanyabiashara, hakuwasha injini bila bismillahi na hakumwamini abiria aliyetaja kilo zake kwa mdomo. "Binti," alisema, "ndege haijui sura. Inajua kilo." Siku moja mama mmoja wa Kisorya, mwenye mwili wake na ndoo ya sato wa kukaanga, alikataa katakata kupanda mizani mbele ya wanaume. "Mimi si gunia la mpunga!" Ikabidi nipande mimi kwanza, kilo zangu zisomwe kwa sauti kila mtu asikie. Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe na wewe umejaa," akasema, "basi twende." Ndege ilinukia sato wiki nzima.

Njia ya Mwanza kwenda Musoma niliijua kwa macho. Kushoto naona kivuko cha Kisorya kinaelekea Ukerewe, kidogo tu na povu lake nyuma. Kulia milima ya Bunda. Halafu mabati ya misheni ya Nyegina yanaanza kung'aa, na hapo napunguza mwendo kwa sababu nyumbani nimefika. Nikilikumbuka hilo la mabati hata leo moyo unanienda mbio.

Siku ya kwanza kutua Musoma mimi ndiye nimeshika usukani, nilipita chini chini, mbuzi wakatimka. Nikamwona baba juu ya baiskeli, shati limejaa upepo. Kisha nikamwona kwenye kona yake, anapunga kitambaa kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa rubani mwingine yeyote. Nikazungukia ziwani nikarudi. Nilitua vibaya mno, nikadunda. Nikazima injini, nikashuka kabla ya abiria, nikaenda moja kwa moja kwake nikapiga goti kwenye changarawe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umedunda mara mbili."

Basi. Hakuna kingine alichosema, lakini mama aliniambia baadaye kwamba jioni ile baba alikula ugali wa watu watatu.

Tukaishi hivyo miaka kadhaa. Nikahamia kiti cha kushoto, nikawa kapteni wa ile ndege ndogo, na mwalimu wangu, yule kapteni wa Bunda, akawa mkuu wa marubani. Kisha uzio ukajengwa kuuzunguka uwanja. Mbuzi wakabaki nje wanachungulia nyasi zao, kazi ya filimbi ikaisha, baba akaambiwa asante. Lakini kila siku yangu ya Musoma alikuja vile vile, akasimama nje ya uzio kwenye kona ile ile, na kitambaa. Nami sikuweza kutua tu. Niliendelea kupita chini chini kwanza, nimpe nafasi ya kukagua uwanja usiokuwa na cha kukagua, apunge, ndipo nizunguke na kutua. Mwalimu wangu alinionya. "Binti, uzio upo. Unapita juu kutafuta nini? Mazoea yana taabu." Nilimjibu kwamba nakagua. Alinitazama kidogo akaacha, nadhani kwa kuwa naye alikuwa na baba.

Hapo ndipo macho ya baba yalipoanza. Alilalamika kwamba miwani ni michafu, mama akaifuta mpaka vioo vikakwaruzika. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, alisema, dawa ya matone itachelewesha tu kilichobaki. Jioni baba akaniita. Alikuwa amesikia redioni kwamba uwanja wetu utawekwa lami, na ndege kubwa za abiria zitakuja.

"Mama, wewe si una saa za kutosha sasa?"

"Ninazo, baba."

"Basi ingia huko kwa wakubwa. Nikuone unatua hapa na hiyo kubwa, halafu macho yafanye yanavyotaka."

Hilo ndilo alilolitaka, hilo tu, na kuanzia jioni ile na mimi sikutaka kingine. Niliomba kazi shirika kubwa. Nikatuma vyeti, nikapimwa afya, nikaandika mtihani, nikakaa mbele ya watu watano wenye tai na kuulizwa kwa nini nataka kuondoka kampuni ndogo. Yote nilipita. Likabaki moja: simuleta, kile chumba kinachoigiza ndege, skrini mbele yako zinaonyesha anga na ardhi, na mtahini amekaa nyuma yako na kompyuta yake, anakuharibia ndege kwa kubonyeza kitufe.

Nilianza vizuri. Alizima injini moja, nikaishika ndege. Akaleta mvua, nikapita. Mwisho akaua redio. "Huna mawasiliano na mnara," akasema. "Uwanja unauona. Tua." Yesu wangu, hapo ndipo nilipoharibu. Mwanza na Dar es Salaam nilikuwa natua bila shida yoyote, kwa kuwa kuna sauti ya mnara inayoniambia uwanja mweupe. Sauti ilipokufa, mikono yangu ilirudi Musoma yenyewe. Niliishusha ile ndege kubwa mpaka karibu na ardhi, nikaacha kutua, nikaipitisha chini chini juu ya uwanja, macho nje ya dirisha, natafuta kona. Kona ilikuwa tupu. Kwa hiyo nikazunguka nikapita tena.

Mtahini alikuwa mwanamke mpole, mtu mzima. Akaniuliza polepole, "Rubani, unafanya nini?"

"Nakagua mbuzi, mama."

"Mbuzi gani?"

Kwenye skrini kulikuwa na majani ya kijani ya kuchora, hata kuku hakuna. "Una abiria sabini," akasema, "huna redio, mafuta yanapungua, njia iko wazi mbele yako, na wewe unatafuta mbuzi." Kijana aliyekaa kiti cha pembeni alikuwa anajiuma mdomo asicheke. Ningeweza kumzaba kibao. Nilitua, ndiyo, mara ya tatu, tena nilitua vizuri, lakini mtahini alikuwa ameshaandika.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, ya heshima kabisa. Ilisema naruhusiwa kujaribu tena kwenye usaili wa mwaka unaofuata. Mwaka! Macho ya baba hayakuwa na mwaka wa kunipa, na hilo nilijua mimi peke yangu, siyo wao.

Nikaenda nyumbani kusema. Mama alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo, baba kwenye kiti chake anasubiri matone ya jioni. Nilieleza yote, redio ilivyokufa, nilivyopita juu, nilivyotazama kona. Nilipofika kwenye mbuzi mama aliangua kicheko mpaka dagaa wakamwagika. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Baba naye akacheka, akacheka sana, akatoa kitambaa mfukoni akajifuta machozi. Halafu akakiangalia kile kitambaa, akakisogeza karibu na jicho la kushoto ambalo lilikuwa na nafuu, na kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo ulikuwa unanitafuta mimi."

"Hapana baba. Mbuzi."

"Usinidanganye. Mbuzi hawakaagi kwenye kona."

Mama akaanza kuokota dagaa.

"Basi uwanjani siji tena," akasema baba. "Mkono wako unanisubiri. Nikiwepo utanisubiri tu. Nisipokuwepo utajifunza."

Nilimwambia aache hayo. Nilimwambia macho yaliyobaki ni machache, bora anione na hii ndogo kuliko asinione kabisa, kwamba hiyo kubwa inaweza isije kamwe, na nililia, sifichi, nililia uani pale mtu mzima na sare yangu. Akafoka. "Niliuza ng'ombe ili uje utue kwa kitambaa?" Mama akatuambia tupunguze sauti, majirani watadhani tunagombania shamba.

Alikuwa mkaidi kuliko mbuzi wote aliowahi kuwafukuza. Wiki iliyofuata nilitokea Nyegina, nikaangalia kona, hakuna mtu. Mikono ikataka kupita chini chini, nikaizuia nusu, nikachelewa, nikapita. Nilipomaliza kazi nikachukua bodaboda mpaka nyumbani kumsalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepita juu."

"Kidogo tu."

"Nimesikia. Hakuna kidogo."

Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu nilizungukia ziwani, nikaja nikatua bila kupita juu, kona tupu pale, na nilijisikia nimeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Nilipofika nyumbani baba hakusubiri hata shikamoo. "Leo umetua," akasema, na akaomba chai.

Ni mama ndiye aliyeniambia jambo ambalo baba hakutaka nilijue. Tulikuwa tunaosha vyombo. "Ukipitaga," akasema, "anageuza kiti anatazama ukuta. Namwambia hata mlangoni tu, simama mlangoni, ndege inaonekana. Ananiambia nyamaza, mtoto anajifunza." Kutoka mlangoni kwetu unaiona ndege yote ikishuka, mpaka matairi. Na ile ndiyo miezi ya mwisho ambayo bado alikuwa anaziona rangi, ya bluu na nyeupe ya ndege yetu angeiona. Aliitumia kutazama ukuta. Niliacha vyombo nikatoka nje, nikasimama karibu na choo mpaka nilipoweza kurudi.

Kisha uwanja ukafungwa kwa ajili ya lami, nami nikapangiwa viwanja vya hifadhini, kule ambako unapita juu kwanza kufukuza pundamilia na hakuna anayekulaumu. Usaili ukafika. Mtahini alikuwa yule yule. Alianza na injini, akaja kwenye mvua, na mwisho, kama nilivyotegemea, akaua redio. Nilitazama kona ya skrini mara moja. Ilikuwa tupu, nami nilikuwa nimeshazoea tupu yake. Nikatua. Nyuma yangu nilisikia kalamu inaandika neno fupi.

Ukiingia shirika kubwa unaanza upya. Ukapteni wangu wa viti kumi na viwili niliuacha mlangoni, nikawa rubani msaidizi, wa mwisho kwenye orodha, anayepewa safari za sikukuu wenzake wakila pilau. Miezi nilisoma ndege mpya, miezi nikaruka na mwalimu pembeni. Sare nzuri, mistari begani. Mzigo siushiki, na abiria simpimi. Wanaingia nyuma yangu, mlango umefungwa, na nawajua kwa idadi tu. Mara ngapi nimemkumbuka yule mama wa ndoo ya sato! Kazi ni nzuri, sina cha kulalamika, ila hakuna mtu aliyewahi kuniambia humo kwamba nimejaa.

Mwezi wa mwisho wa mafunzo mama alipiga simu. Baba alikuwa amejimiminia chai pembeni ya kikombe, ikamwagika mezani yote, na yeye akaendelea kumimina. "Amesema niseme kwamba meza imeinama," mama akasema, na akakata.

Kwa hiyo ratiba ilipotoka, na jina langu likawa kwenye safari ya Musoma, nilijua nimechelewa. Nilimwomba mama asimwambie. Mama na siri! Kapteni wangu siku hiyo alikuwa mtu wa watu, nilipomwambia kwetu ndiko huku akanipa usukani nitue mimi.

Asubuhi ile upepo ulitoka nchi kavu kwenda ziwani, mwepesi, kama asubuhi nyingi za Musoma. Ndege ndogo hutua ikitazama upepo, ndiyo maana siku zote tulizungukia ziwani na kutokea huko. Lakini kwa upepo mdogo namna ile ndege kubwa haina haja ya kupoteza dakika. Kapteni alisema tuingie moja kwa moja kutoka Nyegina, nikasema sawa. Mabati ya misheni yakang'aa chini yangu. Moyo ukaenda mbio vile vile. Lami mpya ikatokea mbele, nyeusi.

Nilimwona nikiwa bado juu. Kona ile ile, nje ya uzio, shati lake la kanisani, mama pembeni amejifunga kanga. Alikuwa amepima upepo kwa shavu, kama alivyofanya maisha yake yote, na shavu lilimwambia kweli: atatokea ziwani. Kwa hiyo alikuwa amenipa mgongo. Kitambaa kilikuwa juu, anakipunga kwa mikono miwili, analipungia ziwa.

Mikono yangu ilitaka kuinua pua ya ndege. Nipite juu, nizunguke, nimtokee mbele mara moja tu, hata kama haoni. Ilikuwa kwa muda wa kumeza mate tu. Nikatua. Sikudunda.

Abiria waliposhuka nilimwomba ruhusa kapteni, nikatembea pembeni ya lami mpaka kwenye uzio. Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga na kujidai ni vumbi. Baba alikuwa ameshageuka kufuata mlio. Nikapiga goti, waya katikati yetu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umenitokea mgongoni."

"Ndiyo, baba."

"Hukuzunguka."

"Sikuzunguka."

"Na kitambaa? Ulikiona?"

"Nilikiona tangu juu, baba. Kilionekana vizuri."

Akatikisa kichwa kukubali. Akakikunja mara nne, akakitafutia mfuko, akaukosa mara ya kwanza, akaupata. Nilidhani tumemaliza.

"Mbuzi je?"

"Hakuna mbuzi, baba. Kuna uzio."

"Najua kuna uzio," akasema kwa hasira, vidole vyake vimeshika waya. "Nauliza tu."